Taa Nane za Wifi Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Sina wivu. Naanza na hilo, maana leo mezani mume wangu kaniuliza mbele ya dada yake, tena anacheka: mbona umenuna, unamwonea wifi yako wivu? Nikamwambia kichwa kinaniuma. Kichwa chenyewe kilikuwa kizima kabisa.

Kisa ni paneli. Karakana yetu imepata kazi ya wodi ya wanawake waliofanyiwa upasuaji. Vitanda vinane, kila kitanda na kitufe chake. Mgonjwa akibonyeza, mezani kwa wauguzi taa ya kitanda chake inawaka na kengele inalia. Basi. Kazi ya kawaida, ningeifanya nimefumba jicho moja. Lakini Bosi leo kaja na mpya: mimi nitengeneze yangu, wifi atengeneze yake, yeye achague moja. Na mwenye kuchaguliwa ndiye atakayepewa kile chumba kipya cha ng'ambo ya barabara, awe mkuu wa kazi zote za hospitali.

Kile chumba ni changu! Tangu mkuu wetu wa zamani aondoke, nani anafanya kazi zake? Mimi. Bila cheo, bila asante. Wifi kaja juzi tu. Analala kwenye chumba nilichokuwa naweka cherehani yangu. Na aliyempeleka kwa Bosi kumwombea kazi ni nani? Ni mimi huyu huyu, kwa miguu yangu, nikamsifia na kumsifia. Mdomo wangu una haraka sana wakati mwingine.


Jumanne, 4 Machi

Nimeshinda nimeinama. Shingo kama imepigwa rungu. Mimi natengeneza kama nilivyofundishwa: chipu inakumbuka kwamba kitufe kimebonyezwa, mguu wake unapanda volti, lakini taa siiungi kwenye mguu ule. Naweka transista katikati, ndiyo iisukume taa. Na kila taa na rezista yake ya kuipunguzia umeme. Vitanda vinane — hesabu mwenyewe hizo waya. Lakini nalala usingizi.

Wifi kamaliza kabla ya chakula cha mchana. Kamaliza, kafagia chini ya meza yake, kanipitia kuniuliza kama nataka chai. Fundi bati, yule anayetukunjia masanduku, keshampa jina: Chapchap. Mimi ananiita Mama Taratibu. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.


Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Bosi kaziweka paneli mbili sambamba juu ya meza kubwa. Kawasha yangu. Taa zikawaka, ndiyo, lakini kwa haya, mithili ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Kawasha ya wifi. Jamani. Nyeupe pee, mpaka fundi bati kajikinga uso kwa mkono, anajifanya kipofu. Kisha Bosi kazigeuza kuangalia nyuma. Yangu msitu. Yake kiwanja kimefagiliwa.

Bosi kauliza taa zimeungwa wapi, mbona hakuna kitu. Wifi kajibu taratibu, hana hata majivuno, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi: taa zimekaa moja kwa moja kwenye miguu ya chipu. Hakuna transista. Hakuna rezista.

Nikaruka. Nikasema zitaungua hizo, zitaungua leo leo, huo ni utoto. Wifi kanitazama kwa huruma. Kasema, "Haziungui, wifi. Chipu hizi ni dhaifu, hazina ubavu wa kuunguza taa. Zinasukuma umeme kidogo tu, na hicho kidogo ndicho taa inachokitaka."

Bosi akasema ziachwe zikiwaka, tuone. Ziliwaka asubuhi. Ziliwaka mchana. Nilikuwa napita pale kila dakika kama mtu aliyeacha sufuria jikoni, nagusa chipu kwa kidole, natafuta japo joto kidogo. Wapi. Baridi kama jiwe la mtoni. Jioni fundi bati kaniuliza kama nimezikosa taa za kuungua nyumbani kwangu. Uso ulinishuka.

Bosi kasema anachukua ya Chapchap. Ikionjwa ikapita, inakwenda wodini Jumatatu. Kuonja ndiyo sheria yetu ya karakana: kitu hakitoki mpaka mtu mwingine, siyo aliyekitengeneza, akipime kwa mita ya umeme, akishabonyeza kila kitufe abandike utepe wenye alama yake. Na wa kuonja paneli ya wifi ni nani? Bosi hakufikiri hata mara moja. Kanyoosha kidole kwangu.


Ijumaa, 7 Machi

Niandike polepole, nisijidanganye.

Asubuhi wifi kaniletea paneli mwenyewe, kaiweka mbele yangu kama mtu anayekabidhi mtoto. Kasema, "Niangalizie vizuri, wifi. Mimi nina haraka, najijua. Wewe hupitwi na kitu." Halafu kaenda zake kumsaidia fundi bati.

Nikabonyeza vyote. Taa, kengele. Taa, kengele. Nikaziacha taa zikiwaka nikaenda kula. Kurudi, nikazima, nikabonyeza tena. Kitanda cha tano: taa inawaka, kengele kimya. Nikabonyeza mara ya pili. Kengele ikalia. Nikasema hee.

Nikachukua mita. Mguu wa chipu ukiwa umepanda unatakiwa utoe volti tano. Nimepima cha tano: mbili na nusu na kidogo. Nimepima cha sita, cha saba. Vile vile. Hapo nikaelewa, na nikaelewa yote kwa mpigo. Taa haiungui, kweli, wifi yuko sahihi. Lakini taa inauvuta ule mguu chini. Na mguu ule ule ndio unaosikilizwa na chipu ya kengele! Ile inataka volti tatu na nusu ndipo iamini kuna mtu kabonyeza. Kwa mbili na nusu inabahatisha tu. Leo itasikia, kesho haitasikia. Taa ikipata joto kidogo, inazidi kuuvuta. Muuguzi akiwa amegeuka, au yuko chumba cha dawa, taa itawaka mbele ya kiti kitupu, na mgonjwa atabonyeza mpaka achoke.

Kosa la mtu mwenye haraka. Kosa ambalo huwezi kuliona kwa macho, maana kila kitu kinang'aa. Na la kurekebisha siku moja tu.

Bosi kapita nyuma yangu. Kauliza vipi. Nilikuwa na mita mkononi, sindano ziko kwenye chipu, namba ziko wazi pale. Nikasema sawa.

Sawa. Neno dogo hivyo. Nikabandika utepe.

Sababu ninayo. Jumatatu ni makabidhiano, Bosi atakuwepo, mkuu wa wauguzi atakuwepo. Kengele itagoma mbele yao wote, wifi ataona haya, paneli itarudi, yangu itakwenda. Hakuna mgonjwa atakayeumia kwa makabidhiano. Aibu tu, aibu kidogo. Aonje na yeye.


Jumapili, 9 Machi

Mume wangu kampigia mama yake simu, kaiweka sauti ya juu tusikie wote. Habari za paneli. Mama mkwe kashangilia, kasema huyo ndiye mwanangu. Mimi nina miaka na miaka katika kazi hii, na mama mkwe mpaka leo anaamini nauza betri.

Wifi kamwambia mama yake kwamba paneli nimeionja mimi, kwa hiyo hana wasiwasi.

Nikaenda kuanua nguo. Zilikuwa hazijakauka.


Jumatatu, 10 Machi

Haikugoma.

Nilisimama pale wodini, karibu na mlango, mdomo uko tayari na maneno nimeyapanga: tulieni, yangu ipo, naweza kuileta leo. Mkuu wa wauguzi kabonyeza cha kwanza. Ikalia. Cha pili. Ikalia. Wagonjwa nao wakaanza kubonyeza kwa raha zao, wodi nzima ikawa kengele, kila mtu anacheka. Cha tano nilikibonyeza mwenyewe. Nikakibonyeza tena na tena. Ikalia kila mara, na pale nilipotaka hasa isilie mbele ya watu ndipo ikalia zaidi.

Mkuu wa wauguzi kamkumbatia wifi. Kasema taa zinaonekana hata kutoka mwisho wa korido.

Tukarudi. Paneli imebaki kule. Na utepe wangu juu yake.


Jumanne, 11 Machi

Kazi hazikwenda. Nimeunguza kidole kwa chuma cha kulehemu, mimi, kama mwanafunzi. Nawaza vitanda vinane. Najiambia kengele ililia, niliisikia mwenyewe kwa masikio. Halafu najijibu: na namba za mita ulizionaje, kwa magoti?


Alhamisi, 13 Machi

Fundi bati kaenda wodini kukaza sanduku ukutani. Karudi na salamu za wauguzi na vijineno. Kifaa ni kizuri, wamesema, ila jana bibi wa kitanda cha tatu kalalamika kwamba kaita sana hakuna aliyekuja. Muuguzi kamwambia labda hukubonyeza vizuri, bibi. Alikuwa anataka maji tu. Fundi bati kasimulia huku anatafuna, kama kichekesho, akamwigiza na bibi mwenyewe.

Wifi alikuwa kainamia droo, anatafuta kitu. Kauliza, bila kuinua kichwa, "Taa iliwaka?" Fundi bati kasema iliwaka, tena bibi mwenyewe aliiona inamulika mezani, na mtu hayupo.

Moyo ulinilipuka. Nikangoja nione wifi atasema nini. Kafunga droo.

Na nitaandika na hili, maana hapa hakuna anayenisoma. Kabla hofu haijaja, nilifurahi. Kidogo tu, lakini ilikuwa furaha, niliijua. Bibi wa watu kakaa na kiu, na mimi moyoni nasema: umeona, Chapchap?

Mimi ni mtu wa namna gani.

Wifi leo kachelewa kurudi nyumbani. Kasema alikuwa na shughuli. Sikuuliza.


Ijumaa, 14 Machi

Nikisema, nitasema nini? Kwamba paneli ina kosa. Watauliza umejuaje. Nimepima. Umepima lini. Ijumaa iliyopita. Na utepe ulibandika lini. Ijumaa iliyopita. Hapo chumba kimekwenda, na kazi imekwenda, na nyumbani nitamtazama mume wangu kwa jicho gani?

Nikisema kwa wifi peke yake je? Jioni tulikuwa jikoni, anamenya viazi, anaimba chinichini wimbo wa redio. Nikajikaza. Nikaita, "Wifi."

"Abee, wifi."

Nikamwuliza chumvi iko wapi. Ilikuwa mbele yangu.

Basi nimepata njia ya tatu. Kesho hatufanyi kazi. Nitakwenda wodini saa za kuona wagonjwa, na transista zangu na rezista zangu kwenye mkoba. Niseme ni ukaguzi wa kawaida. Niifungue, niweke transista kati ya kila mguu na taa yake, niifunge, niondoke. Hakuna atakayejua. Wifi abaki na sifa zake, mimi nibaki na usingizi wangu. Chumba… tutaona. Bosi bado hajatangaza.


Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi. Mwandiko huu sijui nitausoma baadaye.

Muuguzi wa zamu kanipokea vizuri. Nikamwambia ukaguzi wa kawaida. Kasema, "Mbona mwenzako keshakuja? Alhamisi ile jioni." Nikasema mwenzangu yupi. Kasema yule mwembamba, mwenye haraka.

Nikafungua sanduku hivyo hivyo, kwa kuwa nilishashika bisibisi na kuondoka ningeonekana mwizi.

Katikati ya bodi, pale palipokuwa wazi, kuna chipu mpya. Moja. Chipu ya kusukumia taa: upande huu inasikiliza miguu minane, upande wa pili inasukuma taa nane, na rezista zimepangwa mstari mmoja kama meno ya mtoto. Kazi ambayo mimi nilikuwa nimeibebea transista mkoba mzima, yeye kaimaliza kwa kitu kimoja cha ukubwa wa kidole. Haikuwahi kunijia akilini. Miaka yote hii, haikuwahi.

Nikapima. Volti tano. Kitanda hadi kitanda, tano, tano. Hazitingishiki.

Na kulehemu kwake! Kila tone la risasi limekaa duara, linang'aa, kama limemwagwa na mashine. Nimesimama mbele ya kosa langu limerekebishwa, wagonjwa wako salama, ningepaswa kushukuru. Na mimi nakagua matone ya risasi nikitafuta moja baya. Halikuwepo.

Muuguzi kanisimulia bila kuulizwa. Wifi alipokuwa anafanya kazi alizima paneli, kwa hiyo kila baada ya muda alikuwa anaweka chuma chini anazunguka vitanda vyote kuuliza nani anataka nini. Bibi wa kitanda cha tatu, yeye ndiye aliyempelekea maji.

Utepe wangu uko pale pale kwenye kifuniko. Hakuubandua. Mtu ambaye amepima miguu ile Alhamisi ameona namba zile zile nilizoziona mimi. Na anajua nani alizipima kabla yake. Anajua. Ameishi nami ndani ya nyumba moja tangu Alhamisi, anamenya viazi, ananiitikia abee — na anajua.


Jumapili, 16 Machi

Kanimiminia chai. Kaniuliza kidole kimepona?

Ningependa anitukane. Ningependa avunje hata sahani moja, nipate pa kushika.


Jumatatu, 17 Machi

Bosi katuita wote kwenye meza kubwa. Nikajua leo ndiyo leo. Nikasimama nyuma ya fundi bati, maana ni mtu mpana.

Bosi kasema paneli ya wodini ilikuwa na kosa. Kaeleza vizuri: taa kukalia mguu wa chipu, mguu kushuka, kengele kutosikia. Kisha kasema Chapchap mwenyewe ndiye aliyekuja kumweleza. Na kwamba Chapchap kamwambia kosa halikugunduliwa na yeye. Liligunduliwa na wifi yake wakati wa kuonja, kwa mita, na yeye Chapchap kwa haraka zake akawa hakulifanyia kazi kwa wakati. Kasema bila wifi yake asingejua pa kutazama. Ile sawa yangu ya Ijumaa Bosi hakuitaja, wala utepe.

Kwa hiyo, Bosi kasema, hii ndiyo maana ya kuonja. Na mtu wa namna hii ndiye anayemtaka ng'ambo ya barabara. Kanipa ufunguo.

Wakapiga makofi. Fundi bati kanipiga begani, kasema Mama Taratibu mambo yako makubwa. Wifi naye alikuwa anapiga makofi. Nilimtazama sana. Hakukwepa macho, wala hakukonyeza, wala hakuwa na lile tabasamu la mtu anayekuweka kiganjani. Nilikuwa nalitafuta. Ningelipata, ningepumua.

Nilikuwa na nafasi pale, watu wote wako kimya wananingoja niseme chochote. Nikasema asanteni.

Njiani tunarudi nikamshika mkono, nikamsimamisha. Nikamwuliza, kwa nini umemdanganya Bosi? Kanishangaa kweli kweli.

"Nimemdanganya nini, wifi? Kwani hukuliona?"

Tukaendelea kutembea. Mbele kidogo kaniambia chumba kile kina dirisha zuri, niweke meza yangu ya kupimia pale, mwanga unaingia vizuri asubuhi. Yeye atabaki upande wa huku na Bosi. Bado anajifunza kutoka kwangu, kasema.

Mume wangu kafurahi, kampigia mama yake tena. Mama mkwe safari hii kanitaja kwa jina langu, la kwangu mwenyewe, kanipongeza. Niliipokea simu kwa mikono miwili.

Nimekipata. Chumba, cheo, sifa, hata mama mkwe. Yeye hana kitu, ana taa nane tu ukutani ambazo watu wanasema niliziokoa mimi. Na bado namwonea wivu. Sasa namwonea wivu zaidi. Taa ningeweza kujifunza, hata ile chipu ya kusukumia nitaijua wiki hii hii. Hilo lingine alilolifanya leo sijui linajifunzwa wapi.


Jumanne, 18 Machi

Asubuhi. Nimeshavaa. Ufunguo uko mezani, sijaugusa.

Nimefanya hesabu ya maneno. "Bosi, niliona, nikasema sawa." Hayajai hata mstari. Nikiyasema leo, wifi naye ataonekana mwongo kwa ajili yangu. Au huko ni kujitafutia sababu tena, kama ile Ijumaa? Sijiamini kwenye sababu.

Wifi yuko nje, ananingoja twende pamoja kama kila siku. Nasikia anaongea na mume wangu, wanacheka.

Ananiita. Anasema nitoke, nisichelewe, leo ni siku yangu.